Arubaini Mbili

Juzi Zuhura kajifungua, mtoto wa kiume,
na leo mimi naingiza tangi jikoni.
Mama mkwe, Bi Mize, kasimama mlangoni
na bakuli la uji wa pilipili manga,
ananitazama kama niliyemrudishia chenji pungufu.

"Weye Shaame, nyumba moja arubaini mbili?
Na hayo mawe nayo yamezaliwa?"

Sikumjibu. Kioo nimekikata mwenyewe, lita thelathini na tano,
silikoni imekaa wiki nzima, haivuji
ila kona moja hutoa jasho, kama mwenye siri.
Sikutia mchanga. Chini nimeacha kitupu:
kitakachodondoka nikione,
kitakachotambaa kikose pa kujificha.
Maji nimeyateka Wesha, bamvua la asubuhi,
madumu mawili ya njano nyuma ya vespa,
nikayachuja kwa kipande cha kanga kilichopotelewa na mwenzake.
Maandishi yamefifia, panasomeka tu: MGENI NJOO.
Hilo la mwenyeji kupona limekwenda na sabuni.

Nilikuwa naiamini, methali ile.
Mwaka jana mgeni mmoja, tumbawe la rangi ya ndizi mbichi,
tulimtia tangi kubwa la skuli siku ile ile, kwa furaha.
Nyuma yake, konokono, punje za ulezi.
Wiki tatu, wenyeji wote mifupa.
Mtoto wa darasa la nne, jina lake Nassor,
aliuliza nani kaipaka bahari chokaa.
Mpaka leo sijampa jawabu.

Basi sasa mgeni angoje.
Vipande vinne kutoka kitalu cha Faki, Mkoani,
vimekuja ndani ya ndoo yenye kifuniko, vinatoa ute.
Nikaviogesha kwa aidini, maji ya rangi ya chai ya rangi,
dakika kumi, natikisa, vinyama vinaanguka.
Halafu mpira mwembamba, tone, tone, tone,
maji mapya yawazoee, nao wayazoee.
Sponji la chujio, lililolala miezi mitatu katika tangi la skuli,
nimelitia pembeni: lina wadudu wema wasioonekana.
Koleo, brashi, kikombe, kila kimoja nimekifunga uzi mwekundu.
Chenye uzi mwekundu hakivuki kizingiti.

Usiku pampu inanguruma chini kwa chini.
Mtoto akilia, Zuhura humleta karibu na ukuta wa jiko,
ananyamaza. Sijui anasikia nini.
Umeme ukikatika tunaamka sote watatu:
yeye kwa kimya, mama yake kwa yeye,
mimi kupuliza hewa kwa pampu ya baiskeli.

Siku ya ishirini na tatu, Bi Mize kavaa miwani.
Alikuwa amefuata chumvi.
"Huyu wa tatu hajanawiri. Mgeuze."
"Mama, anakula vizuri."
"Nimekanda watoto wa watu miaka thelathini. Mgeuze."

Nikamgeuza.
Chini ya shina, palipo kivuli,
utepe wa mayai, mweupe, umejikunja kama tambi moja.
Aidini haiyaui mayai. Najua. Nilisahau.
Nikasugua kwa mswaki hadi alfajiri,
Bi Mize kanishikia tochi, mkono hautetemeki,
wala hakusema nilikwambia.
Ukutani nikaifuta hesabu yangu ya mkaa,
nikaandika: moja.

Leo arubaini ya mtoto.
Nyumba ina udi, ina wageni, ina sinia za pilau.
Zuhura katoka uani kwenye jua, kakunja macho,
kacheka peke yake.
Bi Mize kampakata mjukuu, kichwa kimenyolewa, kinang'aa,
kapita naye jikoni, kainama mbele ya kioo.
Ndani, wa tatu katoa vidole,
vifupi, vya kijani, vinapima maji.

"Wenzio hao," kamnong'oneza. "Wana siku kumi na saba tu.
Usiwaguse."

Kisha akanipa mtoto,
akanawa mikono mpaka viwikoni,
ndipo akaenda kwa wageni.